Hukwe Zawose hakuwa na cheti. Wewe chako kimefundisha nani?

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu hivi na wadau kadhaa wameniuliza kulikoni. Jibu fupi ni kwamba nilikuwa nyumbani Masasi, nimemzika babu. Jibu refu ni haya yanayofuata. Naonya mapema: nimekasirika, na sehemu kubwa ya hasira yenyewe najikasirikia mwenyewe. Mwenye haraka apite, atarudi kesho.

Ilianza hivi. Siku mbili baada ya kumaliza matanga nilikaa kijiweni, maeneo ya Mkomaindo, si mbali na hospitali, nakunywa kahawa na washikaji niliokua nao. Wasomi wote. Mmoja mwalimu wa sekondari, mmoja yupo benki, wa tatu anasubiri ajira mwaka wa tatu huu. Mazungumzo yakahamia kwenye mtaala mpya ulioanza kutumika 2024, ule wenye somo la sanaa na michezo. Mwalimu akacheka. Akauliza, hiyo sanaa atafundisha nani? Nikasema mbona watu wapo, wazee wa ngoma hawajaisha huko Newala. Akanijibu bila hata kuweka kikombe chini: hao si walimu, hao ni wapiga ngoma.

Nikamtajia Hukwe Zawose. Yule wa benki akaniuliza swali ambalo limenikosesha usingizi mpaka leo: "Kwani huyo alisoma wapi?"

Haya. Pale kijiweni sikujibu vizuri, nilipandisha sauti tu. Ngoja nijibu hapa, kwa utulivu, au angalau nijaribu.

Alisoma nyumbani kwao. Hukwe Ubi Zawose alizaliwa 1938 huko Ugogo, mkoa wa Dodoma, kwenye familia ya wafugaji ambao muziki kwao ulikuwa kama kukamua ng'ombe: kazi ya nyumbani ambayo mtoto anaikuta na anaingia. Baba yake alikuwa mpigaji. Machungani mtoto alikuwa na siku nzima, mifugo, na masikio yake. Ukitaka kuiita hiyo shule, iite. Ukitaka kuicheka, cheka, lakini kwanza uniambie wewe ulipata wapi saa nyingi namna hiyo za mazoezi ya kitu chochote kabla hujafika darasa la saba.

Na tuelewane alijifunza nini, kwa sababu nadhani wengi tunaposikia "ngoma za asili" tunaona mtu anatwanga gogo huku wageni wanapiga picha. Ilimba ya Wagogo ni kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma vinavyochezwa kwa vidole. Zile kubwa zina vijiti zaidi ya 60. Piano ina vibao 88 na mpigaji ana vidole kumi vya kuvigawia. Mpiga ilimba ana vidole vichache tu vya kufanyia kazi. Na si vijiti vyote vinavyoguswa! Vingine vinaachwa makusudi, vitetemeke vyenyewe jirani zake wanapokwanyuliwa, ili sauti moja iwe na kivuli chake. Kwenye matundu ya kisanduku kunabandikwa utando wa buibui, na huo ndio unaoleta ule mvumo wa kama nyuki. Mgeni asiyejua anadhani chombo kibovu. Kumbe hapo ndipo penye utamu.

Halafu kuna kupatanisha sauti. Muziki wa Kigogo unafuata sauti zinazozaliwa zenyewe ndani ya uzi au ndani ya koo, na baadhi ya sauti hizo huzikuti kwenye piano yoyote duniani, zimekaa katikati ya kibao na kibao. Mtu anayepatanisha vijiti 60 kwa masikio tu, bila mashine, kwa mpango ambao haujaandikwa popote nyumbani kwao, halafu akaimba juu yake kwa sauti inayoshuka mpaka kwenye mngurumo na kupanda mpaka ukadhani anayeimba ni mwanamke, huyo mnaniuliza alisoma wapi?

Wazungu wenyewe, ambao vyeti tumeiga kwao, kwenye muziki hawaulizi hivyo. Wapiga piano wa majukwaa makubwa hujitambulisha kwa ukoo wa ualimu. Beethoven alimfundisha Czerny, Czerny akamfundisha Liszt, Liszt akafundisha kundi zima, na mpaka leo mpiga piano hujisikia mtu akiweza kusema mwalimu wa mwalimu wangu alikaa miguuni pa fulani. Kinachohesabika ni mkono uliokushika mkono. Hukwe alikuwa na ukoo huohuo. Tofauti ni kwamba wa kwake una jina la Kigogo, na sisi tunaona aibu kuutaja.

Sasa sikiliza alivyotoka huko machungani. Desemba 1962, kwenye hotuba yake ya kuanza urais, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba vijana waliosoma walijivunia dansi za Kizungu huku ngoma za kwao hawazijui hata kwa majina, akaunda wizara ya utamaduni. Baadaye serikali ikawa na kikundi chake cha taifa cha ngoma. Inasimuliwa kwamba Nyerere mwenyewe alimsikia Hukwe na kumwita Dar es Salaam. Kikundi kile kilipomaliza zama zake, kazi ikahamia Bagamoyo, Chuo cha Sanaa kilichoanza 1981, ambacho leo tunakiita TaSUBa. Hukwe akawa mwalimu pale. Mwalimu, ndiyo. Ndani ya chuo cha serikali, na vijana wa makabila mengine na wageni kutoka nje wamekaa mbele yake wanajifunza ilimba na zeze.

Katikati ya miaka ya 1980 santuri zake zikaanza kutoka Uingereza, "Tanzania Yetu" kisha "Mateso". Mwaka 1996 kampuni ya Real World ya Peter Gabriel ikatoa "Chibite". Mwaka 2002 ikatoka "Assembly", aliyoifanya na Michael Brook, na mwaka huohuo Hukwe na mpwa wake Charles wakapanda majukwaa ya Marekani kwenye ziara ya Peter Gabriel, kwenye kumbi zinazojaza maelfu. Mzee wa Kigogo, njuga miguuni, ilimba mkononi. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003.

Hiyo ndiyo CV yake, mshikaji wangu wa benki. Weka na ya kwako hapa tulinganishe.

Lakini hoja yangu leo si kumsifia marehemu. Hoja ni kwamba kulikuwa na wakati nchi hii, maskini kuliko ilivyo sasa, iliweza kumchukua mtu asiye na cheti, ikamweka darasani na kumwita mwalimu kwa sababu alijua. Nauliza: leo inawezekana? Tangazo gani la ajira litamchukua Hukwe Zawose? Sifa za mwombaji: awe na stashahada au shahada kutoka chuo kinachotambuliwa. Mzee angeishia kwenye kipengele cha kwanza. Mfumo wa maombi ungemkataa kabla binadamu hajamsikia hata noti moja.

Sitaki nieleweke vibaya. Mwaka 2017 serikali ilipowaondoa watumishi zaidi ya 9,900 kwa vyeti vya kughushi, nilikuwa bado shuleni na nilishangilia. Daktari wa kughushi anaua. Ila mtu mwenye cheti cha uongo na mtu mwenye ujuzi wa kweli ambao hakuna chuo kinachoutolea cheti ni watu wawili tofauti kabisa, na tumewafungia mlango mmoja. Nani angempa Hukwe cheti cha ilimba, wakati mtahini mwenye uwezo wa kumtahini angekuwa yeye mwenyewe?

Na msinishike shati mkidhani nautetea utamaduni wa serikali moja kwa moja. Hapana. Sisi wa kusini tunaijua stori hiyo vizuri. Sindimba yetu ilichukuliwa kutoka huku Makondeni, ikafundishwa kwa wachezaji wa taifa, ikageuka maarufu nchi nzima, na kilichobaki kichwani mwa Mtanzania wa kawaida ni kiuno. Mambo ya jando na unyago, lini inachezwa, nani anamjibu nani kwenye ngoma, yote yaliachwa njiani. Kumchukua mchezaji ukamwacha mwalimu ni kuchuma korosho ukakata mkorosho. Ndiyo maana Bagamoyo ya Hukwe naiona tofauti: pale angalau aliyekuja na muziki alibaki nao mkononi, akaufundisha yeye.

Sasa nijigeukie na wenzangu wa kalamu. Kiongozi akija huku kusini, hasa msimu wa korosho, hukosi vikundi vya ngoma uwanjani. Wazee wamesimama juani tangu asubuhi, ngoma zimewambwa kwenye moto zikapoa zikawambwa tena, mgeni anachelewa saa tatu, wanapiga dakika nne, msafara unaondoka. Sisi tunaandika: "Vikundi mbalimbali vya ngoma vilitumbuiza." Sentensi hiyo nimeiandika mwenyewe, kwa mkono wangu, siwezi kuhesabu mara ngapi. Jina la waziri, cheo, jina la mkuu wa wilaya, jina la mwenyekiti wa chama cha ushirika, yote yapo. Jina la mpiga ngoma? Sijawahi kuuliza hata mara moja. Sijui kama ningeambiwa niandike hotuba imetolewa na "kiongozi mmoja" ningekubali.

Mfano mwingine, na huyu ni wa kwetu kabisa. Kizazi kizima cha Watanzania kilijua taarifa ya habari ya Radio Tanzania imefika kwa mlio wa ngoma. Zile ngoma zilipigwa na mtu mmoja, Mzee Morris Nyunyusa, mtu wa Lindi, kipofu, aliyekuwa akizizungushia ngoma nyingi mwili wake na kuzipiga zote peke yake. Mwaka 1970 alikwenda mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia. Waulize vijana kumi wa Masasi, wasomi, wenye simu janja, Nyunyusa ni nani. Mimi niliwauliza palepale kijiweni. Watatu, sifuri. Tumeisikia sauti yake kuliko ya babu zetu na jina hatulijui. Na hizo habari zilizofuata baada ya mlio wake zilisomwa na watu wa fani yangu.

Desemba 2023 ilipotimia miaka 20 tangu Hukwe afe, nilimpelekea mhariri mmoja, jina na gazeti naviweka mfukoni, wazo la makala ya ukurasa mzima. Alinisikiliza vizuri tu. Kisha akasema fupisha iwe maneno 200, ipeleke burudani, na kama kuna picha akiwa na huyo Mzungu ndiyo itapendeza. Sikuandika hata hayo 200. Nilinuna, nikaandika habari ya mbolea. Kwa hiyo msidhani nahubiri kutoka juu ya mti. Nipo chini hapahapa.

Kuna majibu mawili ninayoyasikia kila nikianza mada hii. La kwanza: sanaa ya namna hiyo hailipi, mtoto wa maskini asome hesabu. Sawa, asome hesabu, nani kakataza? Mbona tunamfundisha pia mambo mengi ambayo hayatamlipa hata senti? Na hilo la kutolipa tuliangalie vizuri. Hukwe alizunguka dunia kwa ilimba. Sisi tunaosema hailipi tunasubiri posho ya semina.

La pili: utamaduni unaobebwa kwa mdomo na mkono hufa wenyewe, huwezi kuulazimisha. Nendeni Bagamoyo mkaseme hayo. Charles alifariki 2004, mwaka mmoja tu baada ya mjomba wake, na wengi wangesema basi, imekwisha. Haikwisha. Mtoto wa Hukwe, Msafiri, yupo, anatoa muziki wake. Na mwaka 2024 Pendo, binti yake, na Leah, mjukuu wake, walitoa albamu iitwayo "Maisha" kupitia Real World, kampuni ileile ya "Chibite", wakijiita Zawose Queens. Miaka 20 na ushee kaburini, na darasa la mzee linaendelea.

Hapo hapo kuna jambo lazima niliseme, vinginevyo nitakuwa naandika wasifu wa mtakatifu. Kwa miaka mingi wanawake wa familia ile walikuwa nyuma. Waliitikia, walipiga muheme, walicheza, lakini mbele kwenye kuongoza wimbo na kushika ilimba walisimama wanaume. Kwa hiyo hata darasa la Hukwe lilikuwa na mlango uliofunguka kwa baadhi. Mimi hilo halinipunguzii hoja, linaniongezea. Ujuzi ulikuwa umeingia kwa mabinti muda wote ule, hakuna aliyewauliza. Tatizo letu ni lilelile kila ngazi: anayejua yupo, sisi tumeshaamua mapema nani hafanani na anayejua.

Na sasa babu.

Babu yangu alikuwa mpiga ngoma, upande wa Newala, kabla hajahamia Masasi kwa shangazi. Alipigia midimu, yale masinyago ya kuvaa yanayotoka vijana wanapotoka jandoni. Sisi wajukuu tulimjua kama mzee wa korosho mwenye kikohozi. Ngoma yake kubwa ilitundikwa jikoni juu ya moshi ili wadudu wasiile. Nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu nilirudi likizo nikakuta ngozi imepasuka na mtu kaigeuza kigoda. Tulicheka. Hata yeye alicheka, ila alicheka mwisho.

Wiki yake ya mwisho alilazwa Mkomaindo. Nilimkuta wodini jioni, nikamwamkia, akaitika kwa tabu. Vidole vyake vilikuwa vinagonga chuma cha kitanda. Mkono wa kulia una mwendo wake, wa kushoto una mwendo mwingine, vinakutana, vinaachana, vinakutana tena. Nilidhani ni homa. Nilikaa kama dakika kumi ndipo nikagundua kwamba kinajirudia, kwamba hicho ni kitu kamili, kina mwanzo na mwisho. Nikamuuliza, "Babu, hiyo ni ngoma gani?" Akanitazama akasema, "Leo ndiyo unauliza?"

Hakuniambia. Labda alichoka, labda aliona hapakuwa na maana. Alifariki siku ya tatu. Nina shahada ya uandishi wa habari, kazi yangu ni kuuliza maswali, na kwa miaka ishirini na kitu sikumuuliza mzee wa nyumbani kwangu swali moja kuhusu kitu alichokijua kuliko mtu yeyote niliyewahi kumhoji. Ningeweza kuirekodi kwa simu pale wodini. Hata hilo sikulifanya. Na ningeirekodi, ningebaki na sauti ya chuma cha kitanda bila mtu wa kunionyesha mkono wa kushoto unaanzia wapi.

Ndiyo maana swali la "alisoma wapi" limeniuma namna hii. Lingeniuma kidogo kama mimi mwenyewe nisingekuwa nimeishi kwa jibu lake.

Basi ninadai mambo matatu, na si makubwa. Halmashauri zetu zina maofisa utamaduni. Kabla ya kuandaa ngoma za kumpokea mgeni mwingine, waandike majina: nani anajua nini, kijiji gani, ana umri gani, ana mwanafunzi au hana. Pili, shule inayotafuta mwalimu wa somo la sanaa imwite mzee wa kijiji hicho, imlipe kwa kipindi kama inavyomlipa fundi anayeziba paa, na mwalimu mwenye cheti akae darasani ajifunze naye. Tatu, sisi waandishi tuuze ile sentensi ya "vikundi mbalimbali" kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kila mpiga ngoma ana jina. Uliza.

Mimi nimeanza na la tatu, kwa sababu ndilo lililo mkononi mwangu. Na kuna mzee Newala, rafiki wa babu, aliyekuja msibani na kuondoka mapema. Nimeambiwa walikuwa wakipiga pamoja. Jumamosi napanda gari kwenda huko. Kalamu na daftari naviacha Masasi.

Mshikaji wa benki, ukitaka kuja, nafasi ipo. Cheti acha nyumbani.